Namba Iliyotoka Mguuni Mwangu

Mimi ni mtu wa kilo hamsini na moja, na kwa miaka sita nililipwa mshahara kwa sababu hiyo. Sitanii. Wenzangu waliajiriwa kwa vyeti vyao, wengine kwa wajomba zao. Mimi niliajiriwa kwa kukonda. Kiwanda chetu kinaunda magari ya umeme, na kazi yangu ilikuwa kuyaendesha kwenye barabara ya majaribio, kuzunguka na kuzunguka, mpaka chaji iishe kabisa na gari lisimame lenyewe. Likisimama, fundi wa vipimo anasoma kilomita, anaandika, na namba hiyo inakwenda kwenye matangazo: ukichaji mara moja, unasafiri umbali huu.

Kabla yangu alikuwapo dereva mwingine, bwana wa miraba minne, mcheshi, mlaji mzuri. Yeye alipata kilomita mia tatu na arobaini. Siku moja wakubwa wakapita stoo, nilikokuwa karani, wakanikuta nimejificha nyuma ya rundo la tairi nne na bado sionekani. Wakanipandisha kwenye mzani wa vifurushi. Wiki iliyofuata yule bwana akaletwa stoo, mimi nikapewa usukani. Aliponikabidhi funguo alinitazama juu hadi chini akasema, "Kumbe ufundi wenyewe ni njaa." Nilicheka, lakini nilidhani ana wivu.

Basi kichwa kikanivimba. Siku ya kipimo sikunywa hata chai. Nilinyoa nywele. Nilivua saa, mkanda na viatu, nikaendesha kwa soksi, maana niliamini mguu mtupu unaisikia pedeli vizuri zaidi. Kiyoyozi nilizima, madirisha nilifunga yote ili upepo usilishike gari, redio sikuigusa. Tairi zilijazwa upepo mpaka ukizipiga teke unaumia wewe. Barabara yenyewe tambarare, mwendo kilomita arobaini na tano kwa saa, bila kupanda, bila kufunga breki, saa tisa mfululizo. Nilitoka humo nimelowa chapachapa. Niliwahi hata kujisifu kwamba jasho lile linanipunguzia uzito, mpaka fundi wa vipimo aliponikumbusha kwa upole kuwa jasho lote limebaki kwenye kiti.

Nikapata mia nne na kumi na mbili. Kiwandani wakaniita Unyoya, nikalichukua jina hilo kwa mikono miwili. Wakaweka bango kubwa getini, gari la bluu na chini yake hiyo namba yangu, imetanguliwa na neno "hadi" lililoandikwa kwa herufi ndogo mno. Kila jioni nikipita chini ya bango nilipunguza mwendo makusudi, labda mpita njia ataniuliza lolote. Miaka sita, hakuna aliyeniuliza.

Aliyekuja kuniuliza alikuwa dada yangu.

Dada ni mkunga, mkuu wa zahanati moja ya huko milimani. Ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, amenibeba mgongoni, na hadi leo ananitazama kama kitu kinachoweza kuanguka. Alinipigia simu nikiwa kantini. Kamati ya zahanati ilikuwa imepata fedha za kununua gari moja, nao wamepata tangazo letu.

"Sikiliza," akasema. "Kutoka hapa mpaka hospitali kubwa ni kilomita mia moja ishirini na nane. Njiani hakuna pa kuchaji, tutachaji kwa umeme wetu wa jua hapahapa. Nikipata mama uchungu umekwama, nimpakie, nimfikishe, nirudi. Litaweza?"

"Dada, ile namba nimeiendesha mwenyewe. Kwa mguu wangu huu huu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, siulizi bango."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo na kusema maneno mawili matatu ya maana. Nilijua barabara ya kwao ilivyo, maana nimekulia kule. Nilijua soksi zangu. Lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuulizwa na Dada jambo la uzito, nami nikataka aone kuwa yule mtoto wa mgongoni sasa ni mtu na heshima zake. Nikajibu, "Utakwenda, utarudi, na chenji utabakiwa nayo."

"Haya," akasema. "Nimekuamini." Wakanunua.

Miezi saba baadaye nilichukua likizo nikaenda kumsalimia. Kusema kweli nilikwenda kupokea sifa. Nilikuta gari limejaa vumbi, lipo chini ya mabati pembeni ya wodi ya wazazi, na manesi wakalisema vizuri, nami nikawa nakohoakohoa kwa unyenyekevu wa uongo. Tangu linunuliwe lilikuwa linazungukia vijiji vya karibu kupeleka chanjo. Safari ndefu lilikuwa halijaenda hata moja.

Siku ya tatu, mchana, nikiwa nimekaa kwenye benchi nawaeleza manesi jinsi ya kukanyaga pedeli, Dada akatoka wodini anakimbia. Mimi sijawahi kumwona Dada akikimbia. Kulikuwa na mama kijana, mimba yake ya kwanza, yuko kwenye uchungu tangu alfajiri na mtoto hashuki. Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yanaanza kulegea. Anahitaji kupasuliwa, na chumba cha upasuaji kiko kilomita mia moja ishirini na nane kutoka pale.

"Nani anaendesha?" muuguzi mmoja akauliza.

"Mimi," nikasema, kifua mbele. "Mwenye gari nipo."

Gari lilikuwa limezunguka na chanjo asubuhi. Dashibodi ilisema zimebaki kilomita mia mbili sitini na nne. Tukamlaza yule mama kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Dada. Mbele kwangu akakaa mama mkwe wake, mama mnene mwenye sauti nzito, na nyuma kabisa tukapakia mablanketi, beseni, ndoo mbili, chupa ya chai na mfuko wa nguo usiobebeka. Dada akasema washa kiyoyozi, mgonjwa anaungua. Nikawasha. Akasema kimbia. Nikakimbia. Huyo Unyoya aliyekuwa akijipiga kifua kwa wepesi wa mguu, siku hiyo alikanyaga pedeli kama anaua nyoka.

Mlima wa kwanza tukaumaliza. Wa pili tukaumaliza. Kwenye kilomita ya arobaini na nane nikatupia jicho dashibodi: mia moja na kumi na nane. Nikapangusa kioo chake kwa kiganja, eti vumbi. Mia moja na kumi na saba.

Tulikuwa tumebakiza themanini, na sehemu mbaya ya mlima ilikuwa bado iko mbele. Nilipiga hesabu mara tatu nikitafuta jibu tofauti.

"Dada," nikasema, "naomba tuzime kiyoyozi."

"Kwa nini?"

"Kinakula chaji."

"Si ulipima?"

"Nilipima kikiwa kimezimwa."

Yule mama kijana akaguna, Dada akampangusa uso, kisha akauliza bila kuinua sauti, "Na mizigo?"

"Hakukuwa na mizigo."

"Abiria?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Na mlima?" Nikakaza macho barabarani. "Nakuuliza wewe. Na mlima?"

"Tambarare, Dada."

Nimewahi kufukuzwa kwenye mtihani, nimewahi kuanguka na tarumbeta mbele ya shule nzima. Vyote hivyo ni sherehe ukilinganisha na kulitamka neno hilo moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini hata hilo lingetuchelewesha. Mama mkwe alikuwa amenigeukia. Akasema, "Kumbe wewe ndiye wa hiyo namba?" Nikasema ndiyo mama, ni mimi. Akatikisa kichwa polepole, akaangalia mbele.

Nikasimamisha gari kwenye duka moja la njiani. Nikashusha ndoo, beseni, chupa ya chai, mablanketi yote isipokuwa moja, mfuko, jeki, tairi la akiba. Mwenye duka alidhani namletea biashara. Nikavua viatu, nikavua na mkanda. Dada akanitazama kupitia kioo akasema, "Wewe je? Si ushuke na wewe upunguze uzito?" Hata katika hali ile aliweza kunichoma. Nikasema nikishuka mimi hatutafika, kwani hii michezo ya kubana chaji naijua mimi tu. Ni kweli, na ndiyo sentensi ya aibu kuliko zote nilizowahi kusema.

Mama mkwe akafungua mlango wake. "Mimi nina kilo tisini na tano, mwanangu. Niacheni hapa." Dada akasema mama, huyu ni mkweo, utataka kuwapo. Akajibu, "Nataka afike." Akashuka, akakaa kwenye kreti la soda mbele ya duka katikati ya rundo la ndoo zetu, akatupungia mkono twende. Mpaka leo nikimkumbuka kwenye lile kreti natafuta kitu cha kufanya haraka.

Kilomita themanini. Nilifunga madirisha. Niliendesha kwa soksi. Kwenye mpando nilikwenda mwendo ambao kuku angetupita, kwenye mteremko niliachia gari lijichaji lenyewe bila kugusa breki. Malori yalipiga honi nyuma yetu na madereva walinitukana matusi mengine mapya kabisa kwangu. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Ufundi wote nilioutumia miaka sita kutia chumvi kwenye namba, sasa nautumia kuirudisha namba hiyohiyo, na nyuma yangu kuna mtu anauma kitambaa asipige kelele. Alisema neno moja tu njia nzima. Alisema, "Kaka, nifikishe." Nikasema nitakufikisha. Halafu nikaogopa, kwa sababu ilikuwa ni ahadi yangu ya pili kuhusu gari lile.

Tukaliona paa la hospitali. Dashibodi ikasema sifuri. Gari likaenda na sifuri hiyo kilomita nzima, nililibembeleza, nililiomba, likafika kwenye kona ya mwisho likakata roho. Zilibaki mita mia saba. Nikaruka nje nikasukuma. Kilo hamsini na moja dhidi ya gari la tani moja na nusu! Lilisogea kama dhiraa moja, kisha likarudi likanikanyaga soksi. Nilipiga ukelele. Mafundi watatu waliokuwa wakipiga lipu ukuta wa nyumba ya jirani wakaacha karai zao wakaja, wakanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kiti, wakalisukuma gari mpaka mlango wa dharura huku mimi nikichechemea nyuma nimeshika viatu mkononi.

Walimpasua mara moja. Nilikaa koridoni, nikasimama, nikakaa. Nilisoma tangazo la kunawa mikono mara ishirini. Nilisikia mlango, kisha kile kilio chembamba, cha kukatakata, cha mtu asiyekuwa na uhakika kama anataka kulia. Dada akatoka, amevua glavu, macho mekundu.

"Wako hai," akasema. "Wote wawili. Dakika ishirini zaidi, nisingekwambia hivyo."

Nililia. Nasema wazi, nililia kwa sauti, muuguzi akaniletea kiti akidhani mimi ndiye baba.

Dada alisubiri nimalize. Kisha akakaa mbele yangu. "Sasa niambie namba ya kweli. Likiwa na watu, na mizigo, na milima yetu. Niambie niiandike."

"Sijui, Dada."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Hatujawahi kuipima."

Ningeona nafuu kama angenizaba kibao. Alinitazama tu, akasema, "Miaka sita," akaenda kumwona mgonjwa wake.

Tuliipima wenyewe. Tulichaji gari kwenye karakana ya hospitali hadi kesho yake mchana, tukampitia mama mkwe dukani, ambako alikuwa amelala kwa mke wa mwenye duka, tukampakia na ndoo zake zote, na Dada akaendesha jinsi watu wanavyoendesha: viatu miguuni, kiyoyozi kimewashwa. Mimi nilikaa nyuma na kalamu. Tulipofika zahanati hatukusimama, tukaendelea kuzunguka mpaka gari lilipoanza kulalamika. Mia mbili na ishirini na moja. Dada akachana kipande cha ule utepe mweupe wa kufungia vidonda, akaandika "220", akakibandika kwenye dashibodi juu ya ile namba ya mashine. Kwenda na kurudi ni mia mbili hamsini na sita. Maana yake ni kwamba akienda hospitali, hawezi kurudi siku hiyo, na siku hiyo zahanati haina gari. Alilijua hilo sasa, akaanza kupanga upya.

Nikarudi kiwandani kumwona Meneja. Nataka niwe mkweli juu ya Meneja, maana itakuwa rahisi kumfanya shetani na mimi nikatoka malaika. Ni mtu mwema kuliko mimi. Aliwahi kusafiri mwenyewe mpaka machimbo ya madini ya betri, akakuta watoto wanachimba, akavunja mkataba palepale, na kiwanda kikakaa bila betri miezi minne. Yeye ndiye aliyelazimisha betri chakavu zirudi kwetu badala ya kutupwa mitoni. Ukutani kwake kuna orodha ya maadili ya kiwanda, na kila mstari ameulipia kwa nywele zake.

Nikamweleza yote, hadi soksi. Akasikiliza. Kisha akasema, "Ndugu yangu, sheria inaruhusu. Tumeandika 'hadi'. Na wenzetu wote wanapima hivyohivyo. Sisi tukitoka peke yetu tukasema mia mbili na ishirini, nani atanunua? Tukifunga, yule anayenunua madini kwenye ule mgodi wa watoto ndiye atakayeuza."

Hoja ilikuwa nzuri. Mimi si mtu wa hoja, mimi ni mtu wa kilo. Nikamwambia, "Bosi, wewe ulikwenda machimboni ukaona kwa macho yako. Hapa hujaenda. Twende tukapime, uendeshe wewe. Chukua mkeo, chukua mama mkwe wako, chukua ndoo."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Jumamosi ile walikwenda kweli, familia nzima, barabara ya milima. Walisimama kwenye mia mbili thelathini na tatu, na nilisikia kwamba mama mkwe wake alikuwa na ya kusema kwa muda mrefu sana wakati wakisubiri gari la kuwavuta.

Ilimchukua wiki tano kubishana na wakubwa wenzake. Mwishowe bango likashushwa, likapandishwa jingine: "Watu wanne, mizigo, mlima, kiyoyozi: kilomita 230." Bila "hadi". Mauzo yakaanguka, wenzetu wa viwanda vingine wakatutania kwenye matangazo yao. Baada ya miezi wanunuzi wakaanza kurudi mmojammoja, hasa wale wa barabara mbovu. Sijui kama tutapona. Meneja naye hajui, ila usiku analala usingizi. Yule bwana wa miraba minne alirudishwa kwenye usukani, safari hii kwa sababu ya uzito wake, na siku ya kwanza alikunywa chai vikombe vitatu mbele yangu, akinitazama.

Mimi nikapewa simu na orodha. Hilo lilikuwa sharti langu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kila aliyenunua gari kwa namba ya zamani apigiwe, aambiwe namba mpya, aombwe radhi, na kama hataki gari tena alirudishe. Nilianza na wanunuzi wa zahanati. Nilikuwa nimeandaa maneno, na hata kautani kadogo juu ya soksi zangu, ili watu wasinikasirikie sana. Utani huo ulifanya kazi kwa wanane wa kwanza. Walinitukana kidogo, wakacheka, wakaniuliza maswali, wakaandika.

Wa tisa alikuwa mganga wa zahanati moja ya mbali, mzee kwa sauti yake. Nikajitambulisha, nikaanza: namba tuliyowapa haikuwa sahihi, namba sahihi ni mia mbili na thelathini.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua? Mliona tangazo letu jipya?"

"Hapana. Tulijua mwezi wa tatu, njiani."

Nikauliza mlijuaje. Sikuwa na haja ya kuuliza, lakini mdomo wangu umezoea kwenda mbele yangu. Niliisikia saa ya ukutani kwake. Kisha yule mzee akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nina kalamu karibu, na kama kwenye orodha yangu kuna nafasi ya kuandika jina la mama mmoja.

Nikasema nafasi ipo. Akanitajia herufi moja moja, polepole, ili nisikosee. Kisha akasema kuna la pili, la mtoto, ila huyo hawakuwahi kumpa jina.